Je, Wajua Kitufe cha WhatsApp Kwenye Tovuti ya Hoteli ni cha Nani?

Tafuta kwenye simu malazi ya Bunda, karibu na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, au nyumba ya wageni Musoma mjini. Kwenye tovuti za namna hii hukosi kukutana na kiduara cha kijani, chini kulia: bonyeza uongee na mapokezi kwa WhatsApp. Mara nyingi si mwenye tovuti aliyekitengeneza.

Fundi wake amebandika mstari mmoja wa JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995. Mstari huo unakiagiza kivinjari kiende kwenye seva ya kampuni nyingine, kichukue programu iliyoko huko na kuiendesha papo hapo. Basi mtu yuko Butiama, ametoka kwenye makumbusho ya Mwalimu Nyerere, anatafuta pa kulala. Kabla hajabonyeza chochote, seva ya ng'ambo imeshapata anwani yake ya IP, aina ya kivinjari chake na, kwa kawaida, jina la tovuti anayoisoma. Bando linalokatwa ni lake.

Na programu hiyo haiishii kwenye kiduara. Kivinjari huihesabu kuwa sehemu ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo ina uwezo wa kusoma hata namba ya pasipoti unayoijaza kwenye fomu ya kuweka nafasi. Ni mgeni wa sebuleni aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote. Zaidi ya hayo, mstari ukikaa juu ya ukurasa bila neno kama async, ukurasa wote unaisubiri. Mtandao ukisuasua, unatazama weupe mtupu.

Mwezi Julai 2019, katika kesi ya duka la nguo la Ujerumani liitwalo Fashion ID, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyebandika kitufe cha Like anawajibika pamoja na Facebook kwa taarifa zinazokusanywa na kutumwa kupitia kitufe hicho. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi.

Kwa kazi ya kupiga soga tu, sioni JavaScript ya nini. Kiungo cha kawaida kinatosha: wa.me/255, kisha namba iliyobaki, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Picha ya kiduara ikae kwenye seva ya hoteli. Hapo Meta, wenye WhatsApp, hawapati kitu kutoka kwenye ukurasa huo mpaka mgeni abonyeze mwenyewe.