Albamu za Roki Zinazofufuliwa: Kazi Mbili Ndani ya Jalada Moja

Albamu ya roki ya zamani inapotolewa upya, msikilizaji hukabidhiwa kazi mbili ndani ya jalada moja. Ya kwanza ni muziki uliotungwa na kurekodiwa takribani nusu karne iliyopita. Ya pili ni kazi ya watu wa leo waliozitafuta kanda, wakazisafisha, wakaamua sauti ipi isogezwe mbele na ipi ibaki nyuma, wakaandika maelezo ya jalada na, pale haki ilipotendeka, wakawalipa wenye jasho lao. Wahakiki wengi huishia kwenye kazi ya kwanza, wakaisifu au wakaikosoa kana kwamba imewafikia bila kupita mikononi mwa mtu, ilhali kazi ya pili ndiyo mara nyingi inayoamua kama muziki wenyewe utasikika kwa haki au utapotoshwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika roki ya progresivu na roki ya majaribio, aina mbili za muziki zilizoitegemea studio kuliko roki ya kawaida. Roki ya progresivu ilistawi Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati bendi za vijana zilipoanza kuazima umbo la muziki wa okestra wa Ulaya na uhuru wa jazi, zikauacha wimbo wa dakika tatu na kutunga vipande virefu vyenye sehemu kadhaa, ambavyo vingine viliweza kujaza upande mzima wa santuri. Roki ya majaribio, iliyokua sambamba nayo, ilishughulika zaidi na sauti yenyewe, ikizipa nafasi kelele, ala zisizozoeleka na kanda zilizokatwa na kuunganishwa upya. Bendi ya Can ya Ujerumani, kwa mfano, ilipiga muziki kwa saa nyingi bila utunzi uliopangwa, kisha mpiga besi wake, Holger Czukay, akazichonga kanda hizo kwa wembe hadi zikawa vipande kamili, na matunda ya utaratibu huo yanasikika katika albamu ya Tago Mago ya mwaka 1971. Katika muziki wa namna hii kanda ni sehemu ya utunzi, na yeyote anayeigusa anaugusa utunzi wenyewe.

Mfano unaojulikana zaidi ni albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, iliyotolewa Oktoba 1969. Ubora wake unatokana na jinsi inavyosimamisha bega kwa bega ukali wa gitaa la Robert Fripp na ukubwa wa sauti ya melotroni, yaani kinanda ambacho kila kitufe chake huendesha kipande cha kanda chenye sauti iliyorekodiwa ya fidla, filimbi au kwaya. Hata hivyo, kwa miaka mingi matoleo yaliyouzwa yalitengenezwa kutokana na nakala za nakala, kwa sababu kanda ya kwanza kabisa ya stirio haikujulikana ilipo, na kila kanda inaponakiliwa mvumo wa chinichini huongezeka na wembamba wa sauti za juu hufifia. Kanda hiyo ilipopatikana na kutumika katika toleo la mwaka 2004, wasikilizaji walioijua albamu kwa miongo mitatu walisikia pumzi na nafasi baina ya ala ambazo awali zilizama katika ukungu. Mwaka 2009 mwanamuziki Steven Wilson alikwenda hatua nyingine akishirikiana na Fripp: alizirudia kanda zenye kila ala peke yake, akazichanganya upya, na katika mchanganyo huo sehemu ya wimbo wa Moonchild inayopigwa bila mpango ilifupishwa. Toleo la 2004 lilirudisha kilichokuwapo, ilhali mchanganyo wa 2009 ulipendekeza usomaji mwingine, na mhakiki asiyetofautisha mambo hayo mawili humwacha msomaji gizani kuhusu anachonunua.

Pengine mtu atadhani kwamba mtunzi mwenyewe akihusika tatizo huisha, lakini historia ya Frank Zappa inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1968 mwanamuziki huyo wa Marekani na kundi lake la Mothers of Invention walitoa We're Only in It for the Money, albamu ya kejeli kali iliyojaa mikato ya ghafla ya kanda, sauti zilizoharakishwa na mazungumzo yaliyopenyezwa kati ya nyimbo. Alipoitayarisha upya katika miaka ya 1980, Zappa aliagiza besi na drams zirekodiwe upya na wanamuziki wengine, akieleza kwamba kanda za zamani zilikuwa zimeharibika, na matokeo yake yakawa albamu ya miaka ya 1960 yenye mapigo ya miaka ya 1980. Mashabiki walilalamika kwa sababu ya msingi: ala hizo hazikuwa pambo, bali ndizo zilizoubeba wakati na mahali pa kazi hiyo. Mchanganyo wa awali ulirejeshwa sokoni mwaka 1995, baada ya kifo cha mtunzi. Haki ya msanii juu ya kazi yake haina ubishi, lakini haki hiyo haifuti ukweli kwamba kazi ikishatoka huwa pia kumbukumbu ya waliopiga ala na ya waliosikiliza.

Zaidi ya mabadiliko ya sauti, kuna kishawishi cha uadimu. Mwaka 1979 kundi la Uingereza la Nurse With Wound liliambatanisha na albamu yake ya kwanza orodha ndefu ya wanamuziki wa majaribio ambao wengi wao walikuwa hawajulikani, na kwa miongo iliyofuata orodha hiyo ikawa dira ya wakusanyaji, huku bei za santuri chache zilizosalia zikipanda hadi pasipofikika na mpenzi wa kawaida wa muziki. Hapo ndipo toleo jipya linapokuwa tendo la haki, kwa kuwa linautoa muziki kwenye kabati la mwenye fedha na kuurudisha masikioni mwa watu. Pamoja na hayo, uchache wa nakala si kipimo cha ubora, kwani zipo albamu zilizosahauliwa kwa sababu hazikuwa na la kusema, na kazi ya mhakiki ni kulisema hilo bila kutishwa na sifa ya kuwa adimu.

Mambo haya yote yanakutana katika muziki wa Zambia wa miaka ya 1970 unaojulikana kama Zamrock. Si roki ya progresivu kwa maana kamili, kwa kuwa nyimbo zake ni fupi na hazina majigambo ya okestra. Uko karibu zaidi na roki ya majaribio, kwa gitaa lililopitishwa kwenye kifaa kinachoikwaruza sauti hadi ivume, juu ya midundo ya nyumbani, na kwa mashairi yanayochanganya Kiingereza na lugha za Kizambia kama Kibemba. Uliota katika miji ya machimbo ya shaba, ambako mishahara ya migodini iliwawezesha vijana kununua redio, santuri na ala za umeme, na ulilelewa na sera ya serikali ya Rais Kenneth Kaunda ya kutaka redio ipige muziki wa Wazambia. Bendi ya WITCH, iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, ilitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, na mwaka huohuo Rikki Ililonga na wenzake wa Musi-O-Tunya walitoa Wings of Africa, albamu waliyoirekodi Nairobi, jambo linalouweka mji huo wa Afrika Mashariki ndani ya historia hii. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, bendi zikasambaratika, na katika miongo iliyofuata UKIMWI ukawaondoa wengi wa wanamuziki wa kizazi hicho.

Albamu ya Zamrock inayostahili kusikilizwa kwa makini kuliko zote ni Africa ya kundi la Amanaz, ya mwaka 1975. Nguvu yake ni subira: magitaa mawili hayashindani, moja likishikilia mzunguko mfupi wa noti wakati jingine linakwaruza pembeni, na waimbaji huimba kwa unyonge usiotafuta huruma, hasa katika Khala My Friend, wimbo unaokwenda taratibu kama msafara wa mazishi. Albamu hii ilitoka zamani hizo kwa michanganyo miwili tofauti, mmoja mkavu, ambamo ala zinasikika kana kwamba ziko chumba kimoja na msikilizaji, na mwingine uliotiwa mwangwi, ambamo sauti za waimbaji zinarudi nyuma na huzuni inapanuka. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilipoitoa upya iliweka michanganyo yote miwili pamoja, na uamuzi huo ni wa kupigiwa mfano, kwa sababu haukumchagulia msikilizaji ukweli mmoja pale ambapo historia yenyewe iliacha miwili. Katika mizani ya makala haya, mchanganyo mkavu ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa subira ya magitaa yale husikika vizuri pasipo pazia.

Kampuni hiyohiyo ilizikusanya albamu za WITCH katika mkusanyo mmoja uliotoka mwaka 2012, na kilichofuata kinaonyesha toleo jipya linaweza kufika wapi. Chanda, ambaye alikuwa ameuacha muziki wa jukwaani na baadaye akajishughulisha na uchimbaji wa vito, alirudi kuimba mbele ya hadhira za Ulaya na Marekani, akawa kiini cha filamu ya hali halisi ya mwaka 2019, na mwaka 2023 bendi yake, safari hii ikiwa na wanamuziki vijana wakiwamo wa kutoka Uholanzi, ikatoa albamu mpya iitwayo Zango. Muziki uliodhaniwa kuwa masalio uligeuka tena kuwa kazi hai ya mtu aliye hai.

Kwa hiyo uhakiki wa albamu iliyofufuliwa hauna budi kujibu maswali manne kabla ya kutoa alama yoyote: je, sauti imetoka kwenye kanda ya asili au kwenye santuri iliyosalia; kilichobadilishwa ni nini, na msikilizaji ameelezwa; maelezo ya jalada yanawataja waliopiga kila ala na mahali waliporekodi; na wanamuziki, au warithi wao, wamelipwa? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo lina uzito mkubwa zaidi kwa wanamuziki wa Afrika, ambao wengi walirekodi bila mikataba ya maana na wakazeeka bila kujua kwamba santuri zao zinauzwa ng'ambo kwa bei ambayo wao hawajawahi kulipwa. Muziki mzuri uliotolewa kwa hila hubaki kuwa muziki mzuri, lakini toleo lake ni toleo baya, na mhakiki anayeupenda muziki huo kwa dhati atayasema yote mawili katika uhakiki mmoja.