VIKARAGOSI VYA KRISMASI: JE, VYAWAFAA WATOTO?

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana ikikaribia, watoto wetu wa Mbangala huomba kuonyeshwa picha za sinema. Wako wazionao katika simu za kaka zao, na wengine katika mabanda ya video wafikapo Tunduma. Miongoni mwazo ziko picha za vikaragosi, yaani wanasesere ambao mtu huwatia mkono ndani na kuwanenea maneno. Wazazi wengi, wakiona chura anasema, hunena, "Hiyo ni ya watoto," kisha huenda zao. Juu ya desturi hiyo twapenda kusema neno.

Kikaragosi si alama ya kwamba jambo lawafaa watoto. Nchini Kenya, mwaka 2009, kilianza kipindi cha televisheni kiitwacho The XYZ Show, ambacho vikaragosi vyake viliwaigiza wakubwa wa serikali kwa dhihaka. Hayo yalikuwa mambo ya watu wazima. Lakini Afrika Kusini, mwaka 2002, kipindi cha Takalani Sesame kilimleta Kami, kikaragosi mwenye virusi vya UKIMWI, ili watoto wajifunze kutowatenga wagonjwa. Chombo ni kimoja, kazi ni mbili. Basi yatupasa kuuliza kilichomo, tusihukumu kwa sura.

Na tuitazame picha moja ijulikanayo sana, The Muppet Christmas Carol, ya mwaka 1992. Aliyeiongoza ni Brian Henson, mwana wa Jim Henson, mbuni wa vikaragosi hivyo, aliyefariki mwaka 1990. Hadithi yatoka katika kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843. Scrooge, aliyeigizwa na Michael Caine, ni tajiri bahili. Karani wake ni yule chura Kermit, mwenye mwana mgonjwa, Tiny Tim, atembeaye kwa mkongojo. Usiku Scrooge ajiwa na wenzi wake wawili wa biashara waliokwisha kufa, kisha na roho tatu, zimwonyeshe mambo yaliyopita, ya sasa na yajayo. Asubuhi ageuka moyo, amwongezea karani ujira, na mtoto hafi.

Fundisho hilo ni jema, wala hatuoni sababu ya kuikataza picha hii. Lakini mambo matatu yapimwe.

La kwanza ni hofu. Roho ya tatu haina uso wala haineni, nayo yamwonyesha Scrooge kaburi lake. Hata wasimulizi, Gonzo na panya Rizzo, waogopa, wakawaaga watazamaji mpaka mwisho wa hadithi. Wenye kuitengeneza wenyewe waliwafikiri watoto: wimbo mmoja wa huzuni uliondolewa kabla ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema, kwa kudhaniwa kwamba wadogo hawataupenda. Basi mtoto mdogo asiachwe peke yake hapo. Akae karibu na mama au baba.

La pili ni mizimu. Watoto wetu husikia habari za wafu wanaorudi kudai haki zao. Wakiona marehemu wamefungwa minyororo wakija kumwonya mtu, watadhani kwamba sinema yathibitisha hayo. Waambieni wazi kwamba ni mfano, uliotungwa na mwandishi ili kumwonyesha bahili hatari yake.

La tatu ni Krismasi yenyewe. Picha yanena juu ya ukarimu, nyimbo na karamu, lakini habari za horini Bethlehemu haisimulii. Kwa hiyo isichukue mahali pa hadithi hiyo. Isomwe kwanza nyumbani, picha ifuate.

Tena, mwalimu achukue soksi kuukuu, aishone vifungo viwili kuwa macho, auingize mkono, awaonyeshe watoto jinsi kikaragosi kinavyonena. Aliyeona mkono ndani hataogopa sana. Kisha awaulize: Scrooge alimkosea nini karani wake? Je, katika kijiji chetu ni nani afanyaye kazi bila kulipwa ipasavyo? Na jioni ile watoto watumwe wapeleke sahani ya chakula kwa jirani mwenye mgonjwa nyumbani.