Filimbi Inayolinda Goti: Sheria za Mgusano katika Mpira wa Pete

Katika viwanja vya shule za mkoa wa Mara, kuanzia Kabasa hadi Butiama na Musoma, mpira wa pete ni mchezo wa wasichana wengi. Huchezwa aghalabu juu ya udongo mgumu, na vipaji vyake huonekana zaidi katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mwamuzi wa michezo hiyo hufikiriwa kuwa mtu wa kuhesabu mabao na kutunza muda tu. Kwa hakika ana kazi iliyo kubwa zaidi: akizijua sheria za mgusano na kuzisimamia, huzuia majeraha ambayo zahanati haina uwezo wa kuyatibu.

Sheria zinasema nini?

Uwanja wa mpira wa pete una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na kila timu huwa na wachezaji saba. Mchezaji aliyeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Sheria hii humlazimisha asimame ghafla, mara nyingi akiwa ametoka kuruka. Hapo ndipo goti na kifundo cha mguu hubeba mzigo mzito, na ndipo sheria za mgusano huhitajika zaidi.

Sheria ya kwanza inakataza kumsukuma, kumshika, kumwegemea, kumpiga au kumkwatua mpinzani. Kosa halitegemei nia: hata aliyegusa kwa bahati mbaya ametenda kosa ikiwa mgusano wake umeuvuruga mchezo wa mwenzake.

Sheria ya pili ni ya umbali. Anayemkaba mwenye mpira hana budi kusimama mita 0.9 kutoka kwake, yaani takribani futi 3, zikipimwa ardhini kutoka mguu hadi mguu. Akiwa katika umbali huo anaweza kuinua mikono na kuruka ili kuuzuia mpira. Mpinzani asiye na mpira anaweza kukabwa kwa karibu zaidi, mradi asiguswe wala kuzuiwa kwa mikono iliyotandazwa.

Sheria ya tatu ndiyo inayosahauliwa mno: mchezaji aliye hewani ana haki ya kutua. Haifai kumwingilia katika nafasi ambayo tayari anaielekea, kwa kuwa hawezi tena kubadili njia.

Kosa likitendeka, timu iliyokosewa hupewa mpira, na mkosaji husimama kando ya mrushaji bila kushiriki mchezo hadi mpira utoke mikononi. Anayerudia makosa huonywa, na akiendelea anaweza kusimamishwa kwa dakika 2 au kutolewa nje kabisa.

Fikra hii haipatikani katika mpira wa pete pekee. Marekani kuna mchezo uliotokana na mpira wa miguu wa Kimarekani, ambamo mwenye mpira husimamishwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni badala ya kuangushwa. Humo pia ni kosa kumgusa mpokeaji na kumzuia kabla mpira haujamfikia. Mchezo huo umepangwa kuingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Michezo hii miwili imejengwa juu ya kanuni moja: shindania mpira, usishindanie mwili wa mwenzako.

Kwa nini mguso mdogo ni hatari?

Watazamaji wengi huogopa kuona wachezaji wakigongana kwa kishindo. Hata hivyo, majeraha mengi ya goti hutokea bila goti lenyewe kugongwa. Mchezaji huruka, huguswa begani au kiunoni, mizani yake hupotea, kisha hutua kwa mguu mmoja huku goti likiinama kwa ndani. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti, inayouzuia mfupa wa muundi kusogea mbele, huweza kukatika papo hapo. Wasichana huumia kano hiyo mara nyingi zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka.

Gharama yake ni nzito. Goti lisilo imara huweza kumtoa binti michezoni kabisa, na huongeza uwezekano wa kusagika kwa gegedu miaka ya baadaye. Upasuaji wa kuijenga upya kano hiyo hufanywa na mabingwa wa mifupa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, safari ndefu kwa familia ya Bunda. Ndiyo maana filimbi iliyopulizwa kwa wakati ina thamani kubwa.

Ushauri kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa akieleza kwamba alisikia mlio gotini, goti likavimba ndani ya saa chache na sasa linamlegea anapotembea, shuku kukatika kwa kano. Mwekee kitu cha kulituliza goti, mpe magongo na umpe rufaa, hata kama picha ya eksirei haionyeshi mvunjiko.

Kwa kifundo cha mguu, kanuni za Ottawa humsaidia mhudumu asiye na eksirei kuamua nani asafirishwe. Bonyeza sentimita 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, wa ndani na wa nje, pamoja na ncha zake. Bonyeza pia mfupa unaotokeza ubavuni mwa wayo, upande wa kidole cha mwisho, na mfupa ulio juu ya tao la wayo. Maumivu katika mojawapo ya mifupa hiyo, au kushindwa kutembea hatua 4 baada ya kuumia na pia mbele yako, ni sababu ya kumpeleka akapigwe picha.

Jeraha bichi lisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto katika siku mbili au tatu za mwanzo, kwani uvimbe huongezeka. Litulizwe, lifungwe bandeji isiyobana mno, liinuliwe juu, na likandwe kwa kitambaa chenye maji baridi.

Mchezaji aliyegongwa kichwa, akachanganyikiwa, akapata kizunguzungu au kusahau kilichotokea, atolewe na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema amepona. Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida au maumivu ya kichwa yanayozidi ni dalili za kumkimbiza hospitali.

Ushauri kwa walimu, wachezaji na wazazi

Mazoezi ya kutua yafanywe kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kucheza, angalau mara mbili kwa wiki: kuruka na kutua taratibu, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidoleni, si kuelekeana. Mawe yaokotwe na mashimo yafukiwe kabla ya mchezo. Kucha zikatwe, na hereni na bangili zivuliwe, kama sheria zinavyotaka. Anayetoka damu atoke uwanjani mpaka damu ikome na kidonda kifunikwe.

Mwalimu anayeamua mchezo asione aibu kupuliza filimbi kwa mguso unaoonekana mdogo, wala mashabiki wasimzomee kwamba anaharibu mchezo. Msichana aliye hewani hana cha kushikilia. Katika nukta hiyo kinga yake ni nidhamu ya mpinzani wake na jicho la mwamuzi.