Goti Halina Haraka



Kila mwisho wa mwaka Koth Biro inapochezwa Ziwani, vijana wetu wa Eastlands hutaka kuingia uwanjani hata kama goti limeumia. Marafiki husema, "Funga bendeji, twende!" Sisi twasema, ngoja kwanza.

Ndani ya goti mna kano, yaani kamba ngumu zinazoshikanisha mifupa. Kano ya mbele hukatika mara nyingi bila mtu kugongwa: mchezaji hugeuka ghafla au hutua vibaya, na goti huvimba kwa saa chache. Wasichana huumia hivi zaidi kuliko wavulana. Baada ya wiki kadhaa uvimbe huisha, na hapo ndipo tunadanganyika. Kuisha maumivu si kupona. Goti lililolegea huteleza, na kila likiteleza gegedu laweza kuchanika.

Kwa aliyepasuliwa, utafiti wa Oslo, Norwe, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hadi miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, karibu 6 tu.

Basi tuulize haya kabla ya kumrudisha kijana:

1. Je, miezi 9 imekwisha tangu upasuaji?
2. Je, goti lanyooka na kukunjika sawa na lile lingine, bila kuvimba baada ya mazoezi?
3. Je, nguvu za paja zimefika asilimia 90 za mguu mzima?
4. Akiruka kwa mguu mmoja, je, umbali unalingana? Mguu mzima ukifika mita 5 kwa miruko mitatu, ulioumia usipungue mita 4 na nusu. Kipimo hiki kisimamiwe na mtaalamu wa fiziotherapia.
5. Je, ameshafanya mazoezi kamili na timu bila woga?

Jibu moja likiwa "bado", basi ni bado. Hata asiyepasuliwa apimwe vivyo hivyo.

Kikundi kina kazi hapa. Changeni nauli ya kwenda kliniki, maana wengi huacha mazoezi kwa kukosa nauli. Mpeni kijana kazi ya kuandika magoli au kufundisha watoto, asijione ametupwa. Tena kubalianeni kwamba kocha peke yake hataamua. Kombe litarudi mwakani. Goti hilo atalitumia kutafutia riziki maisha yake yote.