Ukiibana Sana, Haitakuwa Duara

Kijana wa Bukavu, unajifunza kukereza vyuma? Basi sikia. Mtu anatoka Kamituga na kazi: kusine nyembamba ya chuma, ya kinu cha kusaga mawe ya dhahabu. Unaibana kwa nguvu katika meno matatu ya mandreni, unakata tundu, unapima: iko sawa. Unafungua, shafti inakataa kuingia. Kumbe nini?

Chuma nacho hufinyika kidogo, kisha hurudi. Ulikata duara wakati kusine imefinywa. Ilipoachiliwa, tundu likatanuka mahali patatu, palepale meno yaliposhika. Na sasa pesa ya chuma imepotea, kinu kinalala, na wanaokitegemea hawana kazi.

Ufanye nini? Kwanza punguza chuma mpaka ibaki karibu nusu milimita. Legeza meno, acha kipoe. Kisha bana tena kwa upole, umalize kwa kukata kidogo kidogo. Kama unayo meno laini, yakereze yalingane na mgongo wa kusine. Yatashika sehemu kubwa, hayatafinya mahali patatu tu.

Joto pia usilidharau. Chuma cha pua cha milimita 100 kikiongezeka digrii 50 kinarefuka karibu milimita 0,06. Usipime kazi ingali moto.

Wazazi, mkimkuta mtoto anangoja chuma kipoe, msimwite mvivu. Haraka haraka haina baraka. Na mwenye kinu akirudi na kazi ya pili, hapo mtajua amejifunza.