Usiku wa Siku Kumi na Nne

Wataalamu wanakusudia kujenga makao ya watu mwezini. Je, umeme wake utatoka wapi?

Sisi wa milima ya Masisi twaijua nguvu ya maji. Kwa jirani zetu kilijengwa kituo cha Matebe katika mto Rutshuru, kikaanza kazi mwaka 2015, chenye uwezo wa megawati zipatazo 13. Lakini mwezini hakuna mto utiririkao, wala upepo wa kuzungusha mitambo, wala hewa ya kuwashia moto.

Jua liko, tena halizibwi na wingu. Taabu ni usiku, ambao hudumu karibu siku 14 za kwetu. Mwenye paneli ya jua hapa Nyamitaba huweka katika betri akiba ya usiku mmoja. Huko zingetakiwa betri nyingi mno, na kila kilo hupelekwa kwa roketi. Ndiyo sababu wataalamu hutazama vilele vya ncha ya kusini, ambako jua huonekana sehemu kubwa ya mwaka.

Njia nyingine ni atomu. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 waliacha huko jenereta ndogo ya plutoni. Joto lake liligeuka umeme wa wati zipatazo 70, mchana na usiku, kwa miaka kadhaa. Makao ya watu yatahitaji mtambo mkubwa zaidi, kwa maana hata hewa ya kupumua itasafishwa kwa umeme: mtambo ukizimika, uhai nao wazimika.

Enyi wanafunzi, kazi si kupata nguvu mchana tu, bali kuifikisha alfajiri. Akiba haiozi.