Pingili saba za twiga

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China, akiwa zawadi kwa mfalme wa ukoo wa Ming. Wenyeji wakamchukulia kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao. Kilichowashangaza ndicho kinachomshangaza hadi leo mtoto wa shule aliyepelekwa Mikumi kutembea: shingo. Laiti mmoja wa wakuu wa mfalme angeihesabu mifupa ya shingo ile, angepata pingili saba, sawa na alizokuwa nazo mfalme mwenyewe, farasi wake, na panya wa ghala lake.

Kuku ana takriban mara mbili ya hizo. Ndege hujipangia idadi kila jamii kivyake, lakini mamalia, ambao ni zaidi ya spishi 6,000, karibu wote wamekwama kwenye saba. Popo ana saba. Nyangumi, ambaye huoni shingo yake iko wapi, ana saba, ila zimebanana, na kwa baadhi ya nyangumi zimeungana kabisa. Wakaidi ni wachache: wale wanyama wa Amerika Kusini waendao polepole mno, wanaoning'inia mitini karibu maisha yao yote, na jamaa wa nguva anayeishi upande wa Atlantiki, mwenye sita. Nguva wetu wa Rufiji na Lamu hakuivunja sheria.

Kwa hiyo twiga alipohitaji shingo ndefu hakuongeza pingili, alizirefusha zilezile. Moja inaweza kuzidi sentimita 25.

Kwa nini saba? Mwaka 1999 mtafiti wa Uholanzi, Frietson Galis, alitoa hoja kwamba jeni zinazopanga pingili za shingo wakati kiumbe kingali tumboni zina kazi nyingine pia, hivyo ukizigusa unaharibu mengi. Kwa binadamu, pingili ya saba ikiota ubavu, jambo hilo huonekana mara nyingi zaidi kwa mimba zilizoharibika kuliko kwa watoto waliozaliwa salama. Wengine wanakitazama kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo na kuvuta pumzi. Ni mamalia peke yao wenye kiwambo kamili cha msuli, na neva inayokiendesha hutokea shingoni. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kusimama pamoja bila kugombana.

Ukishaielewa shingo, mwili mzima wa twiga unaanza kusomeka: viungo vya kawaida vya mamalia vilivyovutwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wao. Chukua moyo. Una vyumba vinne kama wako, na una uzito wa kilo 11 hivi, ambao ukilinganishwa na mwili wake si mkubwa kupita kiasi. Kilichobadilika ni ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu kwenda mwilini: umekuwa mnene mno. Damu inapaswa kupanda karibu mita mbili hadi kwenye ubongo, kwa hiyo shinikizo lake ni takriban mara mbili ya la binadamu mwenye afya. Daktari akilikuta kwako hakuruhusu kurudi nyumbani. Miguuni, ambako mzigo wa damu ni mkubwa zaidi, ngozi imebana na kukaza ili miguu isivimbe. Akiinama kunywa maji, vali katika mishipa ya shingo huzuia damu isimrudie kichwani kwa kishindo.

Lakini hakuna kiungo kinachonifurahisha kama neva ya zoloto. Kutoka ubongoni hadi kwenye zoloto, mahali sauti inapotengenezwa, ni umbali wa sentimita chache tu. Tawi la kushoto la neva hiyo hata hivyo linateremka shingo yote, linaingia kifuani, linapita chini ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha linapanda tena shingo yote hadi kwenye zoloto. Kwa twiga mzima safari hiyo ni zaidi ya mita 4. Fundi umeme akikutandazia waya namna hiyo, humlipi. Sababu iko mbali sana nyuma: kwa samaki, neva ya namna hiyo hupita nyuma ya mshipa wa damu wa matamvua, na hapo njia ni fupi. Shingo ilipoota na moyo ukashuka kifuani, mshipa uliivuta neva pamoja nao. Wewe unayesoma una mzunguko huohuo, mfupi zaidi tu.

Tumbo halina ajabu kwa aliyewahi kuchinja mbuzi. Ni vyumba vinne, na twiga hucheua vilevile. Ukiwa na darubini utaliona donge likipanda shingoni, likitafunwa, kisha likishuka tena. Meno ya mbele ya juu hana, kama mbuzi na ng'ombe, ana ufizi mgumu tu.

Miguu ndiyo huwadanganya wengi. Kile kinachoonekana kama goti la mguu wa nyuma, linalokunjika kinyume, ni kifundo. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mguu wa mbele nao, "goti" lake ni kifundo cha mkono. Twiga anatembea kwa ncha za vidole viwili, na kwato ni kucha zake.

Hata pembe zake si pembe kama za ng'ombe. Ndama huzaliwa nazo zikiwa gegedu laini iliyolala kichwani, jambo la busara ukifikiria njia anayopitia. Baadaye huwa mfupa na kuungana na fuvu, zikiwa bado zimefunikwa ngozi na manyoya. Mimba huchukua miezi 15 hivi. Mama huzaa akiwa amesimama, ndama anaanguka karibu mita mbili, kitovu kinakatika chenyewe, na kabla ya saa nyingi anatafuta chuchu, ambazo ni nne.

Je, sheria ya saba haikuleta usumbufu? Mwaka 2016 watafiti wa Japani, Megu Gunji na Hideki Endo, walichapisha uchunguzi wa pingili ya nane ya twiga, ile ya kwanza ya kifua. Inabeba ubavu kama inavyopasa, kwa hiyo kitabuni inahesabiwa ya kifua. Ila misuli na viungo vyake vimesogea, nayo inapinda kama pingili ya shingo, na kumpa twiga nafasi kubwa zaidi ya kuinua kichwa kwenye majani ya juu na kukishusha kwenye maji.